Kigari cha Pembeni

3 Mei

Mke wangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mimi sijambo, ila bega huuma mvua ikikaribia, kiasi kwamba majirani siku hizi wananiuliza mimi kabla ya kuanika nguo.

Nyumba iko kama ulivyoiacha. Bomba la jikoni limeanza kudondosha, nami nimeshalizoea. Nikila peke yangu nawasha redio ili niwe na mtu wa kubishana naye. Upande wako wa kitanda naweka nguo zilizokauka, halafu nazihamisha asubuhi, halafu nazirudisha jioni. Ukiniuliza kwa nini sizikunji nikaziweka kabatini, nitasingizia bega.

Wiki iliyopita, nikiwa kazini nachomelea geti la watu, alinijia yule mwalimu wa hesabu, mrefu mwenye miwani. Ati anataka kushika nafasi yako kwenye kigari cha pikipiki yetu, mashindano ya mapumziko ya Agosti. Nikamuuliza, "Mwalimu, unajua kazi ya mzani?" Akasema, "Si kukaa tu kwenye kigari, wewe ukaendesha?" Nusura nimpige na kofia ya kuchomelea. Nikamweleza kwamba kigari cha pembeni hakina kiti, kina ubao na vishikio viwili. Kona ya kushoto unatoka nje mwili mzima mpaka kalio lisikie joto la lami. Kona ya kulia unanilalia mgongoni na kuning'inia upande wa pili. Usipohamisha uzito kwa wakati, gurudumu linanyanyuka na wote wawili tunaona nyota mchana. Akafuta miwani, akasema atafikiria.

Watu wanakuulizia. Miezi mitatu bado, lakini kamati ya mashindano imeshapaka chokaa ukingo wa barabara kuanzia zimamoto mpaka kona ya mnara wa maji. Miaka tisa hatujakosa mashindano haya, mke wangu. Nisingependa wa kumi tuusikie kwa majirani.

Kaka yako hajambo. Bado hashiki pikipiki, anatengeneza cherehani na feni. Kamati itakaa Julai kuamua kama atarudishiwa ruhusa ya kupiga dole lake la rangi nyeupe kwenye tangi la mafuta, lile la kusema "hii nimeikagua mimi, likitokea lolote niulizeni mimi." Usijali, shemeji ni mtu mzima, yatapita.

Omba likizo. Siku tatu tu za sikukuu.

Dereva wako

19 Mei

Mume wangu,

Barua yako niliisoma nimesimama, halafu nikaisoma tena nimekaa. Zikunje hizo nguo.

Hapa hakuna jipya. Tunafua mashuka ya hospitali kutwa kucha, mvuke mpaka nyusi zinalowa. Mwenzangu wa kukunja ni mama mmoja mcheshi tunamwita Bibi Stima. Yeye anashika pembe mbili, mimi mbili, tunasogea mbele tunakutana, tunarudi nyuma, tunachukua jingine. Siku nzima tunatazamana usoni. Ananisoma kuliko mama yangu mzazi. Juzi nilisahau kusogea mbele, akasema, "Leo umelala huku, umeamka kwenu." Nikacheka, halafu nikasingizia mvuke umeniingia machoni.

Kuhusu likizo, usinisubiri. Msimamizi hatoi ruhusa mpaka mkataba uishe Septemba. Usidhani sitamani. Ikipita pikipiki barabarani, mguu wangu wa kushoto unajikaza wenyewe chini ya meza, na Bibi Stima anauliza kama nina kifafa.

Nieleze habari za kaka. Anakula vizuri? Watu wanamsalimia wakipita, au wanakata njia? Wewe unakwenda kwake? Mkikaa mnaongea nini? Gereji yake inafunguliwa kila siku au anaifungua akijisikia? Hilo la kamati sikulipenda ulivyoliandika, kama vile unaniandikia habari ya bomba. Usinifiche kitu, hata kama ni kibaya.

Pakaza bega mafuta ya moto.

Mzani wako

2 Juni

Mke wangu,

Mwalimu wa hesabu alirudi, na kiburi chake, na suruali mpya. Nikamjaribu kwenye uwanja wa shule, mwendo wa kumsindikiza bibi sokoni. Kona ya kwanza ya kulia alitakiwa anilalie mgongoni. Akanikumbatia shingo! Akafumba macho, akaanza kuomba kwa sauti. Watoto wa shule walicheka mpaka wakakaa chini. Tuliposimama akaniambia, "Mkeo anafanya hivi kwa mwendo gani?" Nilipomtajia, akaniambia nikikuandikia nikupe heshima zake. Basi pokea.

Umeniuliza ya kaka yako, nami nitakujibu kwa kuwa unataka. Hali si nzuri. Wapo wanaokata njia. Tangu tulipoanguka Agosti iliyopita, hata baiskeli hawamletei. Gereji anaifungua kila siku, anakaa kwenye kiti chake cha plastiki akitazama mlango. Nikienda ananipa chai na tunaongea habari za mpira. Inasemekana kamati haitamrudishia dole, itamfuta kabisa. Fundi ambaye waya wake wa breki umekatika mashindanoni, nani atamwamini? Ndivyo wanavyosema wao, si mimi.

Sasa na mimi nikuulize langu. Umeniandikia kurasa mbili, na maswali yote ni ya kaka yako. Hujaniambia umenikumbuka. Uliondoka wiki tatu baada ya ajali, bega langu likiwa bado kwenye bandeji, ukasema ni mkataba wa mwaka mmoja tu. Nilikusindikiza stendi na hukutoa kichwa dirishani. Wanasema umeogopa pikipiki. Mimi nawajibu mke wangu haogopi kitu kilicho na magurudumu. Lakini nikirudi nyumbani najiuliza, kama si pikipiki, basi ni mimi.

Niambie ukweli. Kama umenichoka nitajikaza.

Dereva wako

20 Juni

Mume wangu,

Sijakuchoka. Nimekukumbuka mpaka nanusa mashuka ya wagonjwa nikitafuta harufu ya moshi wa kuchomelea, na hiyo si dalili ya mtu aliyechoka.

Nilikudanganya kuhusu likizo. Msimamizi hajanikatalia, kwa sababu sijamuuliza. Siji kwa kuwa siwezi kumtazama kaka machoni. Nawe unajua kwa nini, ila tumeishi mwaka mzima kama vile hatujui.

Waya wa breki haukukatika. Mzunguko wa tatu, kona ya mnara wa maji, mimi nilichelewa kutoka nje. Sikuteleza, wala mkono haukuchoka. Nilikaa makusudi, kwa muda wa kuhesabu moja, na moja ilitosha.

Nitakwambia kwa nini, ingawa nimeuma maneno haya mwaka mzima. Miaka tisa naujua mgongo wako. Najua jasho linaanzia wapi kwenye shati lako na linaishia wapi. Wewe ukiwa barabarani hujawahi kuniona hata mara moja. Watu wakishangilia wanaita "Dereva! Dereva!" Tukifika nyumbani unamhadithia kila mgeni, "Ile kona niliikata vizuri," nami niko jikoni na paja limechubuka. Siku ile, sijui shetani gani alinipitia, nikasema moyoni: nisipotoka, huyu mtu atahisi kwamba sipo? Nilitaka ugeuke. Mara moja tu, unitazame. Ni upumbavu, dereva akigeuka kwenye kona ile ni kifo, najua. Lakini ndilo nililolitaka.

Halafu nikiwa nimelala kwenye majani nikakuona unajikokota na bega limevunjika, unatoa koleo mfukoni, unaukata waya. Kamati ilipofika ukasema umekatika wenyewe. Ulinikinga mimi na ukamtupa kaka yangu. Nami nikanyamaza. Mdomo wangu haukuwa umeumia.

Nitaiandikia kamati kabla haijakaa. Nilitaka ulisikie kwangu kwanza.

Mkeo

29 Juni

Mke wangu,

Barua yako imenifikia leo na nakujibu leo, kwa hiyo nisamehe mwandiko. Usitume. Nakuomba kwa jina la chochote unachokipenda, usitume.

Kanuni ya kumi na moja unaijua kwa kichwa kama mimi. Mzani aliyemwangusha dereva kwa kosa lake hapandi tena, si mwaka mmoja, maisha. Wakiisoma barua hiyo, Agosti hii na Agosti zote zijazo utasimama nyuma ya chokaa na watu wenye miavuli. Wewe! Unayeanza kuhesabu siku za mapumziko hata kabla watu hawajanunua kalenda. Nilipolitoa koleo lile sikumfikiria shemeji, nilikufikiria wewe tu. Nilijua umechelewa, nilisikia gurudumu likinyanyuka. Nilidhani watamsema wiki moja, wiki mbili, wasahau. Halafu wiki zikawa miezi, na kila siku iliyopita ikafanya kusema kuwe kugumu zaidi. Chai ya kaka yako siku hizi naiacha nusu, usifikiri naifurahia.

Kuhusu kugeuka, nisikilize. Nimekasirika, tena sana. Miaka tisa nilidhani unajua. Mimi nikigeuka ni kwamba sina imani na wewe. Sikuwahi kugeuka kwa kuwa sikuwa na wasiwasi hata chembe. Nilidhani hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote, sikujua kama ulikuwa unasubiri nyingine.

Na mimi je? Nitaendesha na nani? Na mwalimu wa hesabu anikabe shingo?

Ngoja Septemba uje, tukae tuongee. Tutamtafutia shemeji njia nyingine.

Dereva wako

8 Julai

Kaka yangu,

Shikamoo. Nimekuandikia barua nne tangu nije huku na zote nikazichana. Hii naikabidhi posta kabla sijabadili mawazo.

Breki zako zilikuwa nzima. Niliyekosea ni mimi, nilichelewa kutoka kwenye kona kwa makusudi yangu, na waya ulikatwa kwa koleo baada ya sisi kuanguka. Niliona na sikusema. Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine ya kamati, yenye sahihi yangu. Nimeandika kosa langu tu. La mume wangu nimemwachia aliseme mwenyewe. Ameniomba nisitume, nami nimelia siku mbili, kisha nimetuma.

Wewe ndiye uliyenishikia baiskeli yangu ya kwanza. Ulinikagulia kila kitu nilichowahi kupanda. Sina namna ya kukuomba msamaha inayotosha, kwa hiyo nakuomba hivi hivi. Peleka barua hiyo kwa kamati. Usinionee huruma ukaiweka kwenye droo.

Mdogo wako

24 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi si mtu wa kuandika, unajua. Nitasema lililopo.

Waya unaokatika wenyewe nyuzi zake zinachanua kama mswaki mkuukuu. Ule ulikuwa umekatwa sawasawa. Niliushika mkononi siku ile ile na nikajua ni koleo. Ningeweza kusema. Sikusema, kwa kuwa kama breki zangu zilikuwa nzima, basi aliyekosea alikuwa wewe, na mimi sikutaka kuwa mtu wa kukushusha kwenye kigari.

Lakini nilidhani mmekubaliana, wewe na mumeo, kunitupa. Hilo ndilo lililoniuma. Si dole. Nilikaa mwaka mzima nikitazama mlango wa gereji, nikisema leo atakuja mmoja wao aniambie kweli. Shemeji alikuwa anakuja, anakunywa chai, anaongea mpira, anaondoka.

Kamati imekaa Jumamosi. Niliwapelekea barua yako. Kabla hawajaifungua mumeo aliingia, hakualikwa, akasimama mbele akasema koleo lilikuwa lake. Aliweka hata lenyewe mezani. Wamemnyang'anya usukani miaka mitatu. Wewe, kanuni ya kumi na moja. Niliwaomba wapunguze, hawakutaka. Dole langu wamelirudisha.

Bado nina hasira. Nimekaa nazo muda mrefu, haziwezi kuondoka kwa barua moja. Ila jua kwamba nimekukumbuka. Mwezi wa tatu nilikwenda kwako nikachukua cherehani yako, nikaifungua yote, nikaisafisha, nikaifunga. Haikuwa mbovu.

Kaka yako

14 Agosti

Mke wangu,

Nimekaa siku tatu bila kukuandikia kwa sababu vidole vilikuwa havishiki kalamu. Utaelewa.

Nilikwenda kwa kamati kwa kuwa barua yako ya Juni niliisoma mara nyingi mno. Nilikuwa nimekasirika, nikaenda gereji kumlalamikia kaka yako habari zako, nikamkuta kwenye kiti chake cha plastiki anatazama mlango. Alinyanyua birika kabla hata sijaketi. Nikashindwa kunywa. Nikamwambia yote pale pale. Alimimina chai yangu nje, akaniambia niende nyumbani. Kumbe barua yako ilikuwa imeshamfikia jana yake. Nami Jumamosi nikaenda kamati.

Sasa sikia ya mashindano. Ijumaa ya mapumziko shemeji alikuja nyumbani na kitabu cha kanuni. Akasema, "Wamekunyima usukani. Kigari hawakukitaja." Akanisomea mara mbili, na kidole juu ya mstari. Nikamuuliza nani ataendesha. Akasema, "Nimezitengeneza miaka ishirini, unadhani sijui kuziendesha?" Hakucheka, nami sikucheka. Akapiga dole lake kwenye tangi, jeupe, kubwa, mbele ya watu wote waliokuwa wakikata njia.

Nikapanda kwenye ubao wako.

Mke wangu, mbona hukuniambia? Mikono inatoka kwenye mabega. Kila shimo la barabara linakuja moja kwa moja kwenye meno. Kona ya kwanza nilichelewa, kaka yako akapunguza mwendo akaninusuru. Nilikuwa hatua moja nyuma yake na nilichokiona ni shati lake tu. Kona ya mnara wa maji nilitoka kwa wakati, mwili wote nje, kalio likaungua kweli, halafu nikarudi ndani na pikipiki ikanyooka vizuri kabisa. Nilijisikia kama nimebeba dunia. Nikamsubiri ageuke.

Nilijua hawezi kugeuka. Nikamsubiri tu. Watu ukingoni wakaita "Fundi! Fundi!" Hakuna aliyeniita mimi, na kwa nini waniite, nilikuwa nimelala chini kama gunia.

Tulimaliza wa pili kutoka mwisho. Wa mwisho alikuwa mwalimu wa hesabu, aliyepata dereva wake na akafumba macho njia nzima. Kaka yako alishuka akaenda kushikwa mikono. Mimi nilibaki kwenye ubao, vidole vimegoma kuachia vishikio, nikawa nalia ndani ya helmeti na kioo kikapata ukungu. Miaka tisa nilikuwa naziita kona zangu. Nilisema mimi nakuamini, sina haja ya kugeuka. Lakini tulipokuwa tumeshafika, tumeshasimama, injini imezimwa, hapo nilikuwa nazuiwa na nini?

Nisamehe. Nimekunyima sifa na kigari na uso wangu. Vya kwanza viwili siwezi kukurudishia.

Wako

27 Agosti

Mume wangu,

Bibi Stima alinisomea nusu ya barua yako kwa sauti kwa sababu mimi nilishindwa kuona. Alipofika pale kalio lilipoungua akacheka hadi akakaa juu ya mashuka safi. Mimi nililia, tena si kwa huruma, kwa wivu. Ile kona ni yangu. Uliponiandikia kwamba pikipiki ilinyooka, nami nilinyooka kwenye kiti.

Sitapanda tena. Nimejaribu kulizoea neno hilo na bado halijazoeleka. Nikipita njiani nikasikia injini nasimama mpaka iishe. Sitakudanganya kwamba nimepona, na sijutii kutuma barua. Yote mawili ni kweli kwa pamoja, na hivyo ndivyo nitakavyorudi.

Mkataba unaisha tarehe kumi na mbili. Basi linafika Jumamosi saa nne asubuhi. Tutapita kwanza kwa kaka, hata kama atanimwagia chai yangu nje.

Kaka ameniandikia kwamba unasafisha pikipiki uje kunipokea nayo. Usije nayo. Iache ilipo, uje kwa miguu. Nimeshakaa nyuma yako vya kutosha. Sanduku langu ni dogo, tutalishika pamoja, wewe huku, mimi huku. Kutoka stendi mpaka nyumbani ni mwendo wa saa nzima, na mimi naitaka hiyo saa yote.

Mkeo